Injini ya Nane

Idara ya Utambuzi na Uthamini wa Injini Kongwe Zisizotembea ilitangaza, kwa vipaza sauti viwili na karatasi za rangi ya waridi zilizobandikwa kwenye kila nguzo, kwamba kuanzia siku ile hakuna mrithi atakayeachwa peke yake na injini ya marehemu wake. Mrithi atatembelewa. Injini itatambuliwa, itathaminiwa, kisha itapigwa kibati cha usajili. Wakazi walioisikia habari hiyo walishika vichwa, kwa furaha, kama Mthamini alivyoeleza baadaye katika ripoti yake.

Mthamini alikuwa amehamishwa juzijuzi kutoka Idara ya Mapazia, na alikuwa na hamu ya kuonekana. Mtangulizi wake alistaafu akiwa amesajili injini saba. Kila moja aliitoboa matundu manne ubavuni kwa drili, akaigongomea kibati, na zote saba hazikuwaka tena hata siku moja. Idara iliita hali hiyo utulivu. Utulivu ulikuwa umefikia asilimia mia, na Mkurugenzi aliutaja katika kila hotuba. Ilihitajika injini ya nane tu, ya kuwekwa ukumbini, kwenye jukwaa ambalo tayari lilikuwa na utepe.

Ndiyo maana asubuhi moja Mthamini aliingia kwenye mashine ya kusaga ya binti wa marehemu fundi, mwongozo kwapani, dereva nyuma yake amebeba drili.

Msagaji, yaani huyo binti, alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Katikati ya chumba lilikuwepo dude jeusi la chuma likikohoa puu, puu, puu, gurudumu lake kubwa kuliko meza likizunguka na mkanda ukikimbia hadi kwenye kinu. Mtaa mzima ulimwita Mzee. Marehemu alimwasha kila asubuhi kwa miaka arobaini, na tangu azikwe, bintiye ndiye aliyemwasha. Alipomsikia akikohoa, alihisi baba yupo chumba cha pili. Shangazi mtu alikaa kwenye gunia mlangoni akipanga foleni ya wateja na ndoo zao.

"Shikamoo, shangazi," alisema Mthamini.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kumtoboa Mzee?"

"Tumekuja kutambua tu."

Msagaji aliiona drili. Injini ya jirani yake ilitobolewa mwaka juzi. Sasa wanaianikia nguo.

"Kaka, nakuomba," alisema. "Baba hakuniachia kingine. Mkinitobolea, mimi nimekwisha, na hawa wote nje watarudi na mahindi yao mazima."

Mthamini aliguswa sana. Aliandika "mrithi ameguswa" kwenye fomu.

"Dada, Idara haijawahi kumdhuru mrithi," alisema. "Sasa, tafadhali, zima hiyo kelele tutafute injini."

Msagaji alimtazama. "Nizime nini?"

"Hilo lidude linalopiga puu puu. Siwezi kutambua injini kongwe huku masikio yanaziba."

Msagaji akamsogelea Mzee. Akavuta wenzo, Mzee akakohoa mara tatu, akanyamaza. Mthamini alishukuru, akavua koti lake, akalitundika kwenye gurudumu la Mzee, akafungua mwongozo. Uliandikwa na Mkurugenzi mwenyewe baada ya kuzichunguza kwa kina zile injini saba zilizosajiliwa. Ulisema: injini kongwe haitoi sauti, ni baridi ukiigusa, ina kutu, na aghalabu kuku hulala juu yake.

Alimzunguka Mzee mara mbili akitafuta. Akachungulia nyuma ya magunia. Akatoka uani, na huko akapigwa butwaa kwa uzuri wa alichokiona: pipa kubwa la chuma lenye miguu mitatu na bomba la moshi, lina kutu kila mahali, na kuku ameatamia juu ya mfuniko. Aliligusa. Baridi. Aliligonga. Kimya.

"Hii hapa!"

"Baba we," alisema Shangazi, "hilo si lile pipa la kuche..."

"Shangazi," Msagaji alimkatiza, "mwache mgeni afanye kazi yake."

Shangazi alijitia hamnazo, akaanza kuhesabu ndoo.

"Marehemu alilitumia?" aliuliza Mthamini.

"Kila jioni."

"Lina nguvu kiasi gani?"

"Likichochewa vizuri, watu sita."

Mthamini aliandika: nguvu za watu sita. Dereva akatoboa matundu manne karibu na mfuniko, kibati kikagongomewa, na thamani ikajazwa palepale kwa kulinganisha na uzito wa faili.

"Na lile dude la ndani?" Msagaji aliuliza kwa upole. "Wasije wenzako kesho wakalisumbukia bure. Naomba niandikiwe."

Mthamini hakuwa mchoyo wa wino. Aliandika: "Limekaguliwa. Si injini. Ni kelele isiyo na thamani." Akapiga muhuri. Msagaji akaomba wa pili, akapewa. Kisha Mthamini akachukua koti lake, likiwa na mstari wa grisi mgongoni.

Ijumaa, pipa likiwa limekwisha kupandishwa jukwaani ukumbini, Waziri alikuja kukata utepe. Mkurugenzi alihutubu kwa mapana na marefu, akasema tangu utotoni sikio lake halijasahau mngurumo wa injini ile. Waziri akavutiwa.

"Basi iwashwe."

Jambo hilo halikuwa kwenye ratiba. Mrithi akaitwa mbele.

"Maji ndoo nne," alisema Msagaji. "Kuni chini. Na kiberiti."

Moshi ulijaa ukumbini. Wageni walikohoa kwa heshima. Baada ya nusu saa mvuke ukatoka kwenye matundu ya kibati, na Mkurugenzi akapiga makofi peke yake.

"Inaendesha nini?" aliuliza Waziri.

"Haiendeshi kitu, mheshimiwa. Inachemsha maji ya kuoga."

Mthamini alitazama viatu vyake. Mkurugenzi akakohoa kidogo.

"Kanuni ya nne, niliyoitunga mwenyewe," alisema, "inasema kilichokwisha kutambuliwa hakitambuliwi tena. Hii ni injini."

"Sawa," alisema Waziri, akifunua ukurasa wa mwongozo. "Na hii ya tano? 'Injini ya Idara inayowaka itahudumiwa kila siku ya kazi na Mkurugenzi, kwa mikono yake.'"

Mkurugenzi aliitunga hiyo kwa ajili ya posho ya mhudumu, ambayo aliipokea kwa uaminifu miaka yote, injini zote zikiwa zimetulia.

"Kuni zile pale, Mkurugenzi," alisema Waziri.

Mthamini alirudishwa Mapazia. Kwenye mashine ya kusaga Mzee anakohoa kila siku, na juu yake ukutani, ndani ya fremu ya kioo, imetundikwa karatasi yenye mihuri miwili. Maofisa wakipita huisoma, wakaziba masikio, wakaendelea na safari.

Na kila asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, Mkurugenzi huchuchumaa ukumbini, mashavu yamemvimba, akipepea moto kwa mwongozo wake. Wafagizi na walinzi hupanga foleni na taulo mabegani.

"Mkurugenzi," mfagizi wa mbele humwambia, akichovya kidole majini, "bado. Ongeza kuni."