Foleni ya Bibi Kinu

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa. Kizimba cha mlangoni kiko wazi. Fundi viatu aliyekuwa pale kahamia kwa mwanawe, na Mwenyekiti wa soko katangaza kwamba atampa muuza viungo, maana harufu nzuri mlangoni huvuta watu. Jibu Jumamosi.

Wauza viungo sokoni ni wawili tu. Mimi, na Bibi Kinu.

Mimi nina miaka kumi na mmoja kando ya mfereji wa maji machafu. Mteja akinifikia ameshaziba pua. Mdalasini wangu ungekuwa na miguu ungeshahama. Nikikipata kizimba kile nitapumua. Nisipokipata nitazeekea mferejini, na hilo mke wangu kalisema kwa sauti mbele ya watoto.

Bibi Kinu hana hata bango. Ana kinu, mchi na foleni. Anatwanga tangawizi, karafuu na pilipili manga mbele ya mteja, anafunga kwenye karatasi, anampa. Wenye kikohozi, wenye gesi tumboni, wenye kichefuchefu cha safari, wote kwake. Kwa nini atwange mbele za watu? Mtu mwenye nia njema hutwanga nyumbani kwake kwa faragha, kama mimi. Kule kutwanga ni kiinimacho. Dawa yenyewe iko chini ya meza, kwenye bati lililofunikwa kitambaa cha bluu. Nimeliona kwa macho yangu. Halifunuliwi.

Jambo jingine. Mwenyekiti anakohoa tangu kabla ya mvua. Atakayemtuliza kifua ndiye atakayepewa kizimba. Hajasema hivyo, lakini mimi naijua mioyo ya watu.

Nimeshikwa na mafua. Mke wangu kasema ninywe tangawizi na asali. Nikamuuliza tangawizi ipi. Akasema si tunauza? Nikamwambia ile ni ya wateja.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtuma mke wangu akanunue dawa ya kikohozi kwa Bibi Kinu, niichunguze. Nimemwonya asiseme katumwa na nani. Kakaa saa nzima. Saa nzima kwa kijikaratasi! Karudi anacheka peke yake. Nimemuuliza waliongea nini, kasema mambo ya wanawake. Hayo ndiyo yanayonitia hofu.

Nikajifungia stoo na daftari. Mtu aliyekaa na viungo miaka kumi na mmoja hufichua siri yoyote kwa pua. Nikanusa. Hakuna kitu. Pua imeziba pande zote mbili. Nikaonja. Nimeandika: kitu kikali, halafu kitu kingine, kikali zaidi. Hapo uchunguzi ukasimama.

Nikampelekea muuza vitunguu, jirani yangu wa meza, ambaye pua yake ni nzima. Kanusa kwa utaratibu, macho kayafumba. Kasema ni vitunguu. Nikamnusisha sabuni nimjaribu. Kasema vitunguu.

Jumatano, 11 Juni

Siri yake akae nayo. Nimetengeneza yangu. Wala haihitaji elimu: tangawizi ni ya kikohozi, karafuu ya jino, iliki ya tumbo, manjano ya vidonda, mchaichai wa homa, mdalasini wa kuchangamsha mwili, na habasoda, ukiwasikiliza wazee, ni ya kila kitu isipokuwa kifo. Kama kila kimoja kinatibu kimoja, basi vyote pamoja vitatibu vyote na kubakiza. Nimechota vijiko vitatu kwenye kila bati. Tangawizi nimeweka kumi. Sina uchoyo mtu akiwa mgonjwa.

Nimempelekea Mwenyekiti ofisini mwenyewe, pakiti nimeifunga kwa utepe. Nikamwelekeza achemshe kwa moto mdogo huku akikoroga, anywe ikiwa moto. Kanishukuru, kisha kakohoa hadi mihuri ikacheza mezani. Nimetoka na moyo mweupe.

Saa kumi kaniita. Nikaenda natabasamu. Kanionyesha sufuria. Uji. Mzito, rangi ya udongo, kijiko kimesimama wima katikati.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tangawizi yangu ya unga huwa naiongezea unga wa mahindi kidogo. Kila muuza viungo hufanya hivyo. Tunaita kulainisha. Asiyelainisha anakula nini? Ila wateja wangu hunyunyiza kijiko kimoja kwenye chai, wakanywa, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kuchemsha vijiko kumi.

Mwenyekiti kauliza kama inatiwa sukari. Nimemjibu ndiyo, kifua chenye njaa hakiponi. Kala yote mbele yangu. Nadhani imepita salama. Ila aliponiaga alinitazama kwa muda mrefu, na sikulipenda lile jicho.

Alhamisi, 12 Juni

Upelelezi. Muuza vitunguu huweka magunia yake ya akiba nyuma ya meza ya Bibi Kinu. Nimechutama nyuma ya magunia tangu saa tatu. Magoti yameniuma lakini nimevuna.

Kila mteja anaulizwa: unakohoa tangu lini? Wa siku tatu au nne anatwangiwa, anapewa. Mama mmoja kasema mwezi sasa. Bibi Kinu kaweka mchi chini. Kamwambia, "Mwanangu, tangawizi inapasha koo joto, lakini haioni ndani ya kifua. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda hospitali wakakupime." Hakumuuzia. Watu watatu kawarudisha hivyo hivyo, na hela zao mkononi! Mfanyabiashara gani anamfukuza mteja? Hapo pana jambo. Nimeandika nyuso zao kwenye daftari, wote watatu. Yule mama ana kidevu cha mtu wa njama.

Halafu kaja Mwenyekiti mwenyewe. Kaulizwa, kajibu tangu kabla ya mvua. Kasema pia kwamba usiku analowa jasho, na mkanda wake kautoboa matundu mawili mapya. Bibi Kinu kamshika mkono. Kamwambia asipoteze hata siku moja kwake, aende kesho asubuhi, mkutano wa Jumamosi ujiendee wenyewe. Mwenyekiti kaondoka bila dawa, kichwa chini.

Nilitaka kucheza. Kamfukuza mgawa vizimba! Kwa mdomo wake! Furaha ikanipanda puani, nikapiga chafya saba mfululizo. Gunia likaanguka, na mimi nikafuata.

Bibi Kinu hakushtuka hata kidogo. "Karibu, jirani," kasema. "Mama watoto kaniambia leo ni siku ya nne hiyo." Kanitwangia kijikaratasi, bure. Kwa kuwa nilikuwa bado chini, nikapata nafasi ya kufunua kile kitambaa cha bluu. Kipande cha mkate na ndizi moja. Kwa hiyo kaihamisha dawa. Alijua nakuja.

Na mke wangu anatangaza habari za pua yangu nje. Nitaliangalia hilo.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi mke wangu kanipa kikombe. Tangawizi, limau, asali. Kijikaratasi cha jana kakipata wapi, nilikuwa nimekificha kwenye kiatu. Nimemwomba aonje yeye kwanza. Kaonja, kanitazama, kaonja tena hadi nusu. Nikanywa kilichobaki.

Pua imefunguka. Sisemi ni kwa sababu gani. Mafua yana siku zake.

Nikakimbilia mabati yangu ninuse mali baada ya wiki nzima. Nikafungua la tangawizi. Harufu ya unga. Unga mtupu! Nimeibiwa. Mtu kaja nikiwa mgonjwa, kachota tangawizi yote, kaacha unga. Na ni nani sokoni hapa mwenye haja na tangawizi? Nikatoka mbio kuelekea kwa Bibi Kinu. Mke wangu kanidaka shati.

Kaniketisha juu ya ndoo. Kasema nami kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko kelele. "Baba watoto," kasema, "bati likifika nusu unajaza unga. Likifika nusu tena, unajaza tena. Huu mwaka wa tatu hujanunua tangawizi. Humo ndani tangawizi ni mgeni."

Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima. Nani kamfundisha hesabu hizo?

Jumamosi, 14 Juni

Mkutano. Mwenyekiti hakuja. Karani kasoma barua yake. Jana alikwenda hospitali, wakampima makohozi, wakampiga picha ya kifua. Kifua kikuu. Kaanza dawa, za miezi sita, na daktari kamwambia kwamba kwa hali ile angeendelea na vijikaratasi vya sokoni asingeuona mwisho wa mwaka. Atapona, kasema, akimaliza dawa zote. Sisi tuliokaa naye karibu twende tukapimwe.

Hata mimi niliogopa, nakiri. Mzee yule namjua tangu nina nywele.

Karani kaendelea. Kizimba cha mlangoni ni cha Bibi Kinu, kwa sababu alikataa hela ya Mwenyekiti, akamtuma hospitali. Na jirani wa viungo wa kule mferejini anashukuriwa kwa uji, ulimpa nguvu ya kutembea hadi hospitali. Watu wamecheka hadi wakashikana. Muuza vitunguu kacheka kuliko wote, na ndiye niliyedhani ni rafiki.

Nimeumia. Siandiki utani hapa. Nimeumia hadi nimeshindwa kufunga meza, kafunga mke wangu.

Kabla hatujaondoka Bibi Kinu kaja mwenyewe mferejini. Kasimama pale pale penye harufu wala hakuziba pua. Kasema kizimba ni kikubwa, mtu mmoja hakimalizi, nusu nichukue mimi. Sharti ni moja: unga marufuku. Kila kitu kiwe kizima, kitwangwe mteja anaona. Kanyoosha mkono.

Nusu ya mlango. Miaka kumi na mmoja nimeutazama mlango ule kwa mbali. Mke wangu alikuwa ameacha kufunga mabati, anasubiri nitakachosema.

Nimesema nitafikiri.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri. Mtu mwenye kitu kizuri hakitoi nusu. Anayetoa nusu anataka nzima. Anataka nikae karibu aone ninavyofanya kazi, aibe ujuzi wangu wote. Asubuhi nimekwenda nikamkatalia, kwa adabu. Kasikitika vizuri sana. Angeweza kumdanganya mtu mwingine.

Tumeshapimwa, mimi na mke wangu. Wazima. Mimi niliomba wanipime mara mbili, maana yule wa kwanza alisema mzima haraka mno.

Nilipomweleza mke wangu kwamba nimekataa, hakugomba. Kasema sawa, kama wewe huitaki, nusu hiyo naichukua mimi. Kainama, kavuta kinu cha marehemu mama yake chini ya kitanda, kakipangusa, kakibeba kichwani, katoka. Nimebaki na mabati.

Saa nne nikapita mlangoni, kama mtu aliye katika safari zake. Wamekaa bega kwa bega. Wanatwanga kwa zamu, wanaongea, wanacheka. Mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu wanamwelekeza hospitali, wa siku mbili wanamfungia. Foleni imefika barabarani. Na ile harufu, sijui niseme nini. Nilisimama tu.

Nikamwita pembeni mke wangu. Nikamwambia nimeielewa hekima yake, sasa tuna mtu wetu ndani. Jioni aniletee siri yote, asisahau hata punje. Kanijibu kwamba siri ni tangawizi. Nikacheka, nikamwambia tuko peke yetu, aseme tu. Kasema tangawizi, baba watoto, na kama unaitaka panga foleni kama wenzako.

Nimepanga. Naandika haya nikiwa mtu wa kumi na nne, daftari juu ya goti. Sijaondoa macho kwenye mikono yao tangu nifike. Ni hodari mno, wote wawili. Mtu asiyejua angeapa kabisa kwamba wanatwanga tangawizi.