Wageni kutoka Norwe

Wakoli aliigundua Norwe siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa ameketi katika saiba moja, duka la intaneti, pale Kanduyi na soda moto mkononi.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 2006. Wakoli alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye tai moja na maneno mengi, na alikuwa amewatengenezea wafanyabiashara wa Bungoma na Kitale tovuti sita. Tovuti hizo hazikuwa na kasoro yoyote isipokuwa kwamba hakuna mtu aliyezitembelea. Katika kila moja alikuwa ameweka mita, kile chombo cha bure cha mtandaoni kinachohesabu wageni, na kila mwezi mita ilimpa habari ile ile: wageni wawili. Mmoja alikuwa mwenye biashara. Wa pili alikuwa Wakoli.

Asubuhi hiyo mita ilikuwa imeongezewa mambo mapya. Walioitengeneza walikuwa wameweka ramani ya dunia, na nchi alikotoka mgeni ilipakwa rangi ya kijani. Waliweka pia saa aliyoingia mgeni na dakika alizokaa. Wakoli akafungua tovuti ya sweta ya Mama Mary Ann wa Kitale, akabonyeza kurasa tatu, kisha akaenda kuitazama ramani. Kenya ilikuwa nyeupe. Norwe ilikuwa kijani.

Akamwuliza mwenye saiba kulikoni.

"Ni dishi," mwenye saiba akajibu bila kuinua macho. "Dishi iko hapo juu ya paa, lakini kampuni ni ya Norwe. Kwa intaneti, wewe hapo ulipokaa uko Norwe."

Wakoli akatazama nje. Mbuzi wawili walikuwa wanatafuna katoni kando ya barabara ya Malaba. Mtu mwingine angeona mbuzi. Wakoli aliona Ulaya.

Hapa inafaa tueleze shida ya huyu bwana, maana hata tapeli ana shida zake. Kwa miaka mitatu alikuwa analala kwenye kochi la dadake, Nasimiyu, ambaye kila asubuhi saa kumi na moja aliwasha taa ya sebuleni na kuanza kupanga vitumbua vya kuuza bila kumwomba radhi mtu. Nyuma ya uwanja wa michezo kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, yenye mfereji wake na mlango unaofungwa kwa ndani. Mwenyewe, mwalimu mkuu mstaafu, aliwajua makapera vizuri, kwa hiyo alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo: elfu arobaini na nane. Alisema angengoja hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Kila jioni Wakoli alipita pale kuhakikisha kwamba mlango bado upo.

Alhamisi hiyo akaenda Kitale.

Nyaguthii, ambaye kila mtu alimwita Mama Mary Ann kwa jina la binti yake aliyekuwa Amerika, alikuwa mjane wa miaka sitini hivi. Nyuma ya soko alikuwa na karakana ya mashine kumi za kufuma, na wanawake kumi wakifuma sweta za shule. Alikuwa na sifa ya kuipenda pesa, na hakuwahi kuikana.

"Mama, mimi sikuja kuuza kitu," Wakoli akaanza.

"Basi kaa."

Wakoli akafungua karatasi aliyoichapisha kwa rangi. "Unaona hii kijani? Hii ni Norwe. Hawa watu wanaingia tovuti yako kila siku. Wanaangalia sweta."

"Norwe ni wapi?"

"Ulaya, juu kabisa. Baridi ya huko, mama, maziwa yanaganda ndani ya ng'ombe."

"Pole kwa ng'ombe," Mama Mary Ann akasema. Akaivuta karatasi karibu. "Na hawa watu wanataka sweta za shule?"

"Mzungu akisikia baridi haangalii nembo."

Mama Mary Ann akaanza kugonga meza kwa kidole. Wakoli alikijua kidole cha aina hiyo. Ni kidole cha mtu anayezidisha kichwani.

"Sasa hawa wanachungulia tu," Wakoli akaendelea kwa upole. "Kuwavuta waingie wengi, hiyo ni kazi. Elfu kumi na tano kwa mwezi, na nitashughulikia pia barua pepe zao, usisumbuke."

"Na wakishavutwa, wananunua lini?"

"Mzungu hanunui mbio mbio. Kwanza anazoea."

"Sawa. Lakini hiyo mita nataka kuiona mwenyewe. Kuna saiba hapo karibu na posta. Nipe neno la kufungulia."

Wakoli akampa kwa moyo mkunjufu, akakaa naye nusu saa kumfundisha: hapa nchi, hapa saa, hapa dakika. Ndicho kitu pekee alichowahi kumpa mteja bure, na alijipongeza njia nzima kwa ukarimu huo.

Aliporudi Kanduyi akaajiri Wanorwe watatu. Wa kwanza alikuwa Walubengo, mwalimu aliyekuwa anangoja ajira tangu mwaka wa 2001. Wa pili alikuwa karani mstaafu wa posta. Wa tatu alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba mahakamani, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Walibonyeza tovuti ya sweta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wakapumzika saa saba kula maharagwe. Walikuwa Wanorwe wenye nidhamu. Mwezi wa sita ramani ilikuwa kijani kama shamba la chai, na Mama Mary Ann alilipa bila neno. Mwezi wa saba akalipa tena. Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Wakoli alikuwa amezihesabu, naye alikuwa amepita sabini, akaona waliosema hivyo hawakuwa na mtandao.

Mwezi wa nane, Walubengo akaja kuaga.

"Wiki mbili?" Wakoli akauliza. "Walubengo, Norwe yote inakutegemea wewe."

"Bana, huu ni mwaka wa tohara. Mtoto wa dada yangu anakuja kuchukua nyama ya mjomba, na mjomba ni mimi. Sasa nimwambie nini? Ati niko Norwe?"

Kwa Wabukusu, mwaka wa tohara huja mara moja kila miaka miwili, na ukija, mjomba asiyekuwepo nyumbani kumchinjia mpwa wake ng'ombe na kumvisha nyama shingoni huongelewa hadi watoto wake wazeeke. Karani wa posta alikuwa na wajukuu wawili wa kupeleka mtoni kupakwa tope la tohara. Mwenye kesi hakuwa na mtoto wa kutahiriwa, lakini alikuwa na sauti, na nyimbo zilimhitaji. Wakoli mwenyewe alitia tai mfukoni, akafuata njuga za watahiriwa toka boma hadi boma, akala nyama siku kumi na mbili mfululizo. Norwe ikawa nyeupe.

Mwisho wa mwezi akaenda Kitale akiwa ameongezeka kilo tatu.

"Norwe walipotea," Mama Mary Ann akasema.

"Mwezi wa nane wanakuwa na likizo, mama."

"Wote?"

"Nchi nzima."

"Wanaenda wapi?"

"Kwa wazazi."

Mama Mary Ann akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akampa elfu kumi na tano zake. Wakoli alipotoka nje alikaribia kumwonea huruma.

Wiki ya pili ya mwezi wa tisa, akiwa na elfu arobaini na nane kamili ndani ya bahasha, zikiwemo alizomkopa dadake na mishahara ambayo Wanorwe walikuwa bado wanaidai, alipita saiba kuangalia mita kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Wanorwe walikuwa wamerudi kazini. Lakini pembeni ya ramani, Amerika ilikuwa kijani.

Akabonyeza Amerika. Minesota. Mgeni mmoja alikuwa amekaa dakika arobaini na tatu. Mwingine dakika thelathini na nane. Walikuwa wamerudi siku nne mfululizo, na wote walikaa ukurasa wa tatu, penye sweta za rangi ya damu ya mzee zenye mistari miwili myeupe. Wanorwe wake hawakuwahi kukaa ukurasa mmoja zaidi ya dakika mbili, maana walikuwa hawapendezwi na sweta.

Wakoli akahisi kitu kifuani ambacho hakuwahi kukihisi katika kazi yake yote. Alijua namba za Norwe ni za uongo kwa sababu alizitengeneza mwenyewe. Za Minesota hakuzitengeneza. Basi zilikuwa za kweli.

Siku mbili baadaye barua pepe ikaingia katika sanduku la tovuti, lile aliloahidi kushughulikia. Iliandikwa na mtu aitwaye Joan. Kwaya yao ilitaka sweta mia tatu, zile za ukurasa wa tatu, saizi za watu wakubwa, na wangelipa dola ishirini kila moja. Wangetaka kwanza kuona picha ya mzigo ukiwa tayari, ndipo watume pesa. Wakoli alikuwa na binamu Malakisi aitwaye Joan, lakini siku hiyo jina lilisikika la kizungu kabisa.

Alizidisha. Zilikuwa karibu shilingi laki nne na nusu. Hiyo haikuwa kodi ya nyumba, ilikuwa nyumba yenyewe. Barua ilikuwa imeandikiwa Mama Mary Ann, hilo alilijua. Aliifikiria kwa muda wa kutosha kumaliza soda, kisha akamjibu Joan kwa jina lake mwenyewe.

Kesho yake alikuwa karakanani Kitale.

"Mama, kuna kanisa kule Malakisi linataka sweta za kwaya. Nimeona ile ya ukurasa wa tatu."

"Hizo ni shida zangu hizo," Mama Mary Ann akasema. Akaonyesha magunia sita yaliyosimama ukutani. "Nilifumia sekondari moja, madarasa ya juu. Mkuu wa shule akahamishwa, akaja mpya, ati yeye anataka mistari ya njano. Wanataka ngapi hao wa Malakisi?"

"Mia tatu."

"Kwaya ya watu mia tatu?"

"Ni kanisa kubwa."

"Bwana asifiwe. Ni mia nne kila moja."

"Mama, ni watu wa Mungu."

Walivutana hadi chai ikapoa. Mama Mary Ann alishuka hadi mia tatu, akashuka hadi mia mbili na nusu, akalalamika kuhusu bei ya uzi, akataja mume wake marehemu. Mwishowe Wakoli akaapa ana elfu arobaini na nane tu; Mama akagawanya, akasema mia na sitini, pesa mkononi, zote mia tatu, na zikitoka hapo hazirudi. Aliandika hilo la mwisho kwenye risiti, wakatia sahihi wote wawili. Wakoli akaitoa bahasha kwa furaha. Alikuwa amemtapeli mwanamke huyu mara mbili kwa shughuli moja.

Lori la mahindi lilimpeleka Kanduyi na magunia yake. Mpiga picha akapiga picha, picha ikaenda Minesota. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, na kwenye ramani Amerika ikawa nyeupe. Siku ya tatu Joan akajibu kwa masikitiko makubwa: kiongozi wao wa kwaya alikuwa amehamishwa, amekuja mpya, naye anataka mistari ya njano.

Wakoli akaisoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili. Mchana huo huo alikuwa kwenye matatu ya Kitale.

Alimkuta Mama Mary Ann akikagua kola.

"Hakuna watu Minesota," akasema, akiwa bado amesimama.

"Wapo, si hata Mary Ann wangu yuko huko? Anatunza wazee, zamu ya usiku. Anakaa na Joan, binti wa Ngige, jirani yangu wa Moi's Bridge. Wazee wakilala wanakuwa na nafasi ya kuangalia sweta." Akakata uzi kwa meno. "Kaa chini, Wakoli."

Wakoli akakaa.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa nane. Mashine zangu kumi, saba ni za wanawake wa kwenu Bungoma. Kila mwaka wa tohara wanaomba ruhusa waende kupika, mimi nazima mashine, nangoja. Mwaka huu sina kazi, nikaenda saiba kuangalia wageni wangu wa Norwe. Norwe ilizima siku ile mashine zilizima. Mashine zikaanza Jumatatu, Norwe ikaanza Jumatatu." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kijana yangu, Norwe nao wanatahiri?"

Wanawake saba wakainama zaidi juu ya mashine zao. Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hilo liliuma kuliko kucheka.

"Nitaenda polisi," Wakoli akasema.

"Nenda. Kituo ni hapo tu. Waambie nilikuuzia sweta, risiti uko nayo. Wakikuuliza ulizitakia nini, waambie ulisoma oda ya mteja wangu ukaificha. Na mimi nitakuja na ile karatasi yako ya kijani."

Wakoli alifika hadi mlango wa kituo. Askari mmoja alikuwa amesimama pale akinywa chai, akamwuliza amsaidie nini. Wakoli akasema alikuwa anauliza stendi ya kwenda Bungoma, akaonyeshwa, ingawa aliijua tangu utotoni.

Ile nyumba nyuma ya uwanja ilichukuliwa Ijumaa na karani wa kaunsili mwenye mke. Wakoli alipita jioni akaona pazia. Alisimama pale kidogo, kisha akaenda kwa dadake, akayaburuta magunia sita toka uani hadi sebuleni kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga na sweta zikinyeshewa haziuziki hata kwa mia.

Nasimiyu akatoka jikoni akipangusa mikono. Akayatazama magunia. Akatafuta kochi kwa macho, asilione.

"Wakoli," akasema, "na wewe utalala wapi?"