Monita ya Paa la Madrasa

Jumapili, 3 Agosti 2025
Laptopu imepofuka. Akili yake iko salama: nikiiwasha inalia kama kawaida, feni inazunguka, ila kioo ni cheusi. Chanzo: niliikalia kwenye boti ya kutoka Nyamisati kuja kisiwani kwetu. Binamu yangu Taufiki, aliyekuwa kando yangu, anadai alinionya. Hakunionya. Alicheka tu, na kucheka si taarifa.

Hali ilivyo. Ripoti yangu ya mwisho ya chuo, kuhusu matangi ya maji ya mvua ya Jibondo, inatakiwa kwa msimamizi ifikapo Jumatatu ya tarehe 11. Michoro kumi na minne. Isipofika, narudia mwaka. Ninachohitaji ni monita ya kuchomeka ubavuni. Bajeti: elfu themanini. Televisheni yetu ya chogo haina tundu la kompyuta. Nimeikagua pande zote.

Jumatatu, 4 Agosti
Utafiti wa soko. Dukani Kilindoni, mpya, inchi ishirini na mbili: zaidi ya mara tatu ya bajeti. Niliuliza bei bila mguu wake. Muuzaji akaniuliza kama samaki pia huwa nanunua bila kichwa. Kariakoo, ya mtumba: bei inafika, lakini unalipa kwanza ndipo unatumiwa, na monita kwenye picha ilikuwa imezimwa. Niliomba picha ikiwa inawaka. Nikatumiwa ileile, imepigwa juani.

Mama analima mwani na hana subira na mashine. Aliuliza kwa nini nisiandike kwa kalamu kama watu. Nilimweleza kwa nusu saa. Akauliza tena.

Jumanne, 5 Agosti
Ushindi! Hoteli moja ya Utende inatupa monita. Bure! Nilikwenda kwa bodaboda kabla Taufiki hajasikia.

Ya chogo. Nimerudi nayo nimeikumbatia njia nzima. Dereva alidai nauli ya watu wawili. Ana haki.

Inawaka! Rangi moja tu, kijani. Matangi yote ya Jibondo yanaonekana yameota mwani. Mama alipita akasema hatimaye nimesomea kitu cha maana. Dakika ya ishirini ikatoa mlio, kisha harufu, kisha ikatulia. Sasa kuku analala juu yake. Kuku ameridhika.

Jumatano, 6 Agosti
Habari kubwa. Bwana Rehmatulla amebadilisha kompyuta za dukani kwake. Monita moja bapa, inchi ishirini na mbili, ameitoa sadaka kwa ajili ya paa la madrasa. Maalimu Abubakari ataipiga mnada keshokutwa baada ya swala. Nimeiwasha mwenyewe. Safi, haina mstari hata mmoja.

Taufiki naye ameiona. Anataka kuonyesha sinema barazani kwa mama yake, yaani shangazi yangu. Nilimweleza kwa upole kwamba ile si televisheni: haina chaneli, haina sauti. Akasema ahsante, mwana wa mjomba, lakini mtu anayekalia kompyuta asifundishe wenzake kompyuta.

Alhamisi, 7 Agosti
Mkakati. Nimepita baraza moja baada ya jingine nikieleza, kwa nia ya kusaidia tu, kwamba monita haina chaneli wala sauti. Wazee saba wamejitoa. Mmoja alikuwa ameitamani kwa taarifa ya habari, ameniombea dua. Dhamiri shwari. Nilisema kweli.

Amebaki Taufiki, ambaye hawezi kupita elfu sabini na tano. Dada yake ameniambia.

Tahadhari moja. Mnada wa msikiti wetu una ada yake: anayeshinda hulipa, kisha hukirudisha kitu kiuzwe upya, ili paa lizidi kupata. Halazimishwi mtu. Lakini mwaka jana jogoo mmoja aliuzwa mara saba adhuhuri moja, na aliyeondoka naye akamla, mpaka leo anaitwa Hemedi Jogoo. Mimi nina sababu ya kitaaluma. Nimejiandikia kiganjani: USIRUDISHE.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudisha.

Nieleze kwa mpangilio. Maalimu alianzia ishirini. Taufiki hamsini. Mimi sitini. Yeye sabini na tano. Mimi themanini. Yangu! Maalimu akapokea fedha, akaniombea dua kwenye kipaza sauti, jina langu Mudrik, na la baba yangu, na la babu. Nikaibeba. Nikapiga hatua tatu. Hapo Taufiki akapaza sauti kutoka nyuma: jamani, mpisheni msomi wetu, huyu si wa kuondoka na mali ya madrasa, anairudisha huyu! Watu wote wakageuka. Mzee mmoja tayari anafuta machozi. Kiganja chenye maandishi kilikuwa chini ya monita. Nikasikia sauti ikisema: narudisha. Ilikuwa yangu.

Takbiri! Sijawahi kupigiwa takbiri. Ni kitu kizuri, sikatai.

Duru ya pili watu walikuwa wameishiwa. Taufiki akaipata kwa elfu arobaini. Maalimu akamtazama. Msikiti wote ukamtazama. Akasema yeye hakufika chuo, hana elimu ya kurudisha, akaondoka nayo begani. Wakacheka! Hakuna aliyempa jina.

Mama alisikia yote kwa kipaza sauti akiwa nyumbani. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Amepika pweza wa nazi. Sina monita, sina fedha, zimebaki siku tatu. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 9 Agosti
Taufiki amekuja asubuhi na salamu ndefu kupita kawaida. Monita haina chaneli. Haina sauti. Nilimkumbusha kwamba nilisema. Akajibu kwamba nilisema kwa sura ya mwongo.

Yeye ana kioo, mimi nina laptopu. Tumekubaliana kuviunganisha barazani kwa shangazi: mchana ripoti, jioni sinema.

Nimefanya kazi mbele ya watazamaji kumi na mmoja waliowahi nafasi. Wanaamini michoro ni sinema iliyochelewa kuanza. Bi Zuena, mzaliwa wa Jibondo, alisimama akasema tangi la nne haliko hapo mwanangu, liko upande wa msikitini, na ufa wake anaujua, aliuziba kwa mkono wake. Nimelihamisha tangi. Ameuliza kama naye atatokea.

Jumapili, 10 Agosti
Ripoti imekwenda! Saa nane mchana. Baraza zima lilipiga makofi, isipokuwa mzee mmoja aliyesema mwisho haukueleweka.

Jibu limekuja jioni. Nimefaulu, ila michoro minne irudiwe ndani ya wiki mbili. Msimamizi amesifu usahihi wa tangi la nne. Ninastahili.

Alhamisi, 14 Agosti
Shangazi amefunga ukumbi wa sinema. Watazamaji walikunywa mtungi mzima wa maji na kukalia mkeka wake wa Idi. Taufiki ameniuzia monita kwa bei aliyoinunulia. Mama alitoa fedha zake za mwani bila neno. Mama wa mtu aliyerudisha hawezi kunyima.

Niliibeba kupitia njia ya madrasa. Ni fupi kwa hatua mia mbili na sita. Maalimu Abubakari alikuwa mlangoni. Akaitazama monita, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga, akawaita watu waje waone kijana aliyeinunua upya ili airudishe tena. Nilifungua mdomo kueleza. Takbiri ikanitangulia.

Inapigwa mnada kesho. Nimeshapanga. Nitakaa mlangoni kabisa. Hatua kumi na moja mpaka barabarani. Nikishinda, natoka mbio. Fedha bado natafuta. Nimeandaa pia hotuba fupi ya shukrani, dakika tatu, endapo watu wataniomba.