Waifai ya Mtaa Nimeipiga Kufuli

Leo nimejianika. Nimejianika mchana, mbele ya mwenyekiti, na ufunguo mkononi. Wacha niwaambie mwenyewe kwa hii grupu kabla Mama Amoit hajawaambia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua waifai ya sisi watu wa vibanda huku Malaba inakaa kwangu. Tulipiga kura kuchagua nyumba ya kuiweka, nikamshinda Mama Amoit, jirani yangu, na hajawahi kusahau. Fundi Nafula akaja akatundika mashine nyeupe yenye pembe mbili ukutani. Ananiita kukhu, yaani nyanya, kama wanavyoniita wajukuu wangu. "Kukhu," akasema, "wewe ndiye mlinzi."

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Lakini mtandao wa soko lote unatoka sebuleni kwangu! Na kila Jumapili binti yangu Auma, anayefanya kazi Arabuni, anapiga simu ya video nimwone. Kusoma nasoma polepole kama konokono, lakini uso wa mtoto wangu nausoma mara moja.

Sasa jana nikasikia wezi wamebeba televisheni ya kinyozi. Roho ikakataa kutulia. Leo asubuhi nikatoa mashine kwa msumari wake, nikaifunika na kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua, nikaiweka ndani ya sanduku la chuma la marehemu mzee wangu. Waya nikapitisha kwa tundu la kutu. Nikachungulia. Taa zote kijani! Nikapiga kufuli. Ufunguo nikaweka kifuani. (Mwizi akifika hapo, ana shida kubwa kuliko waifai.)

Nikaenda kibandani kuuza omena, dagaa wangu wa ziwani, natembea kama askari.

Saa nne haijafika, kelele. Yule wa kuchapisha karatasi za madereva wa malori analia. Fundi wa nguo hapati mitindo yake. Mama Amoit akapaza sauti:

"Nilisema mimi! Mashine ya watu mmempa muuza omena. Si iletwe kwangu?"

"Kwako, ambapo kuku wanalala kwa sofa?"

Watu wakacheka. Nikapata nguvu. (Hapo ndipo ningenyamaza.) Nikapanda juu ya kreti ya soda nikatangaza kwamba mashine iko salama kuliko rais, nimeiona na haya macho, na shida inatoka Uganda, wanatuvutia mtandao ng'ambo ya mto. Waganda, mnisamehe.

Mwenyekiti wa kamati akampigia Nafula, naye akaja na boda kutoka Busia. Kabla hawajaingia kwangu, mwenyekiti akasema mbele ya wote, "Mama Wandera, kama shida iko kwako, leo mashine inahama."

Nilijiona Jumapili nimekaa mlangoni kwa Mama Amoit na simu yangu, naomba ruhusa ya kuona mtoto wangu.

Nafula akaingia, watu nyuma yake kama msafara wa harusi. Akaangalia ukuta. Msumari peke yake.

"Kukhu, mashine iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

Nikaonyesha sanduku. Akashika kichwa.

"Kukhu! Mtandao haupenyi chuma!"

"Lakini taa zinawaka!"

"Zinawaka, ndiyo. Zinamulika nguo zako."

Nikatoa ufunguo. (Mwenyekiti akageuza uso.) Nikafungua. Kitambaa. Mashine. Na chini ya mashine, imemulikwa kijani kama kitu cha maonyesho, sufuria kubwa ya Mama Amoit! Ile aliyoniazima wakati wa matanga ya mzee wangu. Ile ambayo kwa miaka miwili nimeapa, hata kanisani, kwamba nilirudisha.

"Sufuria yangu!"

Wueh. Mama Amoit akaikwapua kutoka chini ya mashine.

Nafula akarudisha mashine kwa msumari wake. Dakika haikuisha, simu zote zikaanza kulia, ting, ting, ting, na huko nje vibanda vikapiga vigelegele. Mimi nilitaka kuingia sandukuni nifunge.

"Sasa," mwenyekiti akasema, "ihame au ibaki?"

Mama Amoit akapita mbele, amekumbatia sufuria kama mtoto mgonjwa. Nikajua nimekwisha.

"Mwenyekiti, hii sufuria nimeitafuta miaka miwili. Nimekunywa chai humu ndani mara ngapi! Akitoka kuongeza maziwa, mimi naangalia chini ya kitanda. Sikuiona hata siku moja. Mtu anayeficha kitu namna hii, mwizi gani atamuweza? Mashine ibaki kwa huyu mwizi!"

Mikono yote juu. Yote! Hata wa Mama Amoit, ule usioshika sufuria.

Kwa hivyo nimeshinda, jameni, na safari hii hata kura yake ninayo. Mashine iko ukutani, uchi, na Nafula ameniapisha nisiifunike hata na leso. Jumapili Auma atanikuta hapa hapa kwa kiti changu. Sufuria imerudi kwao. Kifuniko bado nasema nilirudisha.

Na nyinyi mnaocheka, chekeni polepole. Hicho kicheko kinapitia sebuleni kwangu.