Msomaji wa Mishale

Mshale aliigundua biashara yake mpya siku aliyokwenda maabara kumuuzia mlinzi kiwanja kisichokuwa chake. Mlinzi alikuwa hajaingia zamu, basi Mshale akakaa kwenye benchi la nje akatazama watu. Wakati huo alikuwa na jina jingine. La Mshale alilipata baadaye, kwa haki.

Aliona mtu anatoka na bahasha, anaifungua kabla hajafika getini, anaitazama karatasi, kisha anaigeuza kuangalia mgongoni, kana kwamba maana imeandikwa upande wa pili. Anauliza daktari yupo lini. Anaambiwa baada ya siku tatu. Uso unamshuka.

"Siku tatu na karatasi usiyoielewa!" Mshale alijisemea. "Hapo hata mimi ni daktari."

Karatasi zenyewe zilimsaidia. Pembeni ya kila kipimo kilichotoka nje ya kiwango, mashine ilichapa mshale mdogo: wa juu kama kimezidi, wa chini kama kimepungua. Hakuhitaji elimu nyingine. Alinunua koti jeupe la mtumba lililowahi kuwa la muuza nyama. Mfukoni lilikuwa na doa ambalo aliwaambia watu ni la kazini, na hapo hakudanganya. Akachemsha majani ya chai mpaka yakakata tamaa, akatia pilipili, akajaza chupa. Za kifuniko cheusi zilikuwa za kushusha. Za kifuniko chekundu zilikuwa za kupandisha. Sufuria ilikuwa moja.

Asiye na fedha alipokewa kwa alichonacho, maana Mshale hakuwa na moyo wa kumrudisha mgonjwa. Mwezi haujaisha, chumba chake kilikuwa na feni mbili, pasi tatu na baiskeli.

Ndipo siku moja, saa sita mchana, jua likichoma, akatoka maabara mshonaji aliyevaa sweta la sufu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Keti, dada. Kabla hujasema neno: unasikia baridi."

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Na nachoka, daktari. Naamka nimechoka kama niliyelima. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Juzi nilisinzia kwenye cherehani, nikaunga mkono wa shati na mguu wa suruali."

"Mwenye shati alisemaje?"

"Mwenye shati alicheka. Mwenye suruali ndiye aliyetaka kunipiga."

Mshale akaipokea karatasi, akashuka moja kwa moja kwenye mishale. Juu ya karatasi, penye maelezo ya mgonjwa, hakuwahi kupatazama. Mishale haikai huko.

"TSH, mshale juu. Tezi yako ya shingoni inakimbia, dada. Inakimbia kama iliyoiba kuku! Wewe umekaa, yenyewe iko mbioni, utaachaje kuchoka?"

"Na hii feritini?"

"Iko chini. Hiyo imekanyagwa na tezi ikikimbia. Sasa tunashusha ya juu, tunapandisha ya chini, zinakutana katikati, unapona."

"Sina kitu, daktari. Nina cherehani tu."

"Cherehani inatosha."

Ukisoma haya umekaa vizuri, unadhani wewe ungeinuka ukaondoka. Lakini mtu aliyechoka miezi saba hatafuti ukweli, anatafuta pa kuketi.

Wiki mbili baadaye dada mkubwa wa mshonaji alikuja kumtembelea. Huyu alikuwa muuza ndoo sokoni, na soko zima lilimwita Mama Ndoo. Alimkuta mdogo wake analala ameketi, sindano mkononi, kitambaa cha sare za shule kimejaa mapajani.

"Cherehani iko wapi?"

"Dada, usinigombeze."

"Sikugombezi. Nauliza kwa sauti."

Akaelezwa. Akaelezwa pia kwamba sare arobaini zinatakiwa Ijumaa ijayo, na mwalimu mkuu amesema zikichelewa kazi yote ya shule itahamia kwa fundi mwingine, mwaka huu na miaka ijayo. Mama Ndoo alichukua karatasi, chupa na mdogo wake, akavipeleka vyote kwa daktari wa kweli.

Daktari, mwanamke mwenye kalamu nyuma ya sikio, alisoma karatasi kuanzia juu.

"TSH si kazi ya tezi," alisema. "Ni ubongo unaiita tezi. Mama, una watoto?"

"Wanne."

"Asubuhi ukimwita mmoja haamki, unafanyaje?"

"Napaza sauti."

"Akiendelea kulala?"

"Wanaamka majirani."

"Basi hapa majirani wameamka. Sauti imepanda kwa sababu tezi imelala. Angalia hii T4, ndiyo kazi ya tezi yenyewe: iko chini. Na feritini ni ghala la chuma mwilini. Ghala la huyu limebaki ufagio. Nitatafuta pia lilimwagikia wapi."

Akaandika vidonge. Cha tezi asubuhi kwa maji, kabla ya kula. Cha chuma baadaye, vipishane kwa saa nne au zaidi, na chai ikae mbali nacho, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Nafuu itakuja polepole, kwa wiki, na damu ipimwe tena.

Mama Ndoo alifungua chupa, akanusa, akampa daktari.

"Chai," daktari alisema. Akanusa tena. "Na pilipili."

"Twende polisi," mshonaji alisema walipotoka.

"Ukaseme nini? Umempa kwa mikono yako, na Ijumaa haingoji kesi. Kalale. Kesho nina kazi."

Kesho yake Mama Ndoo alivaa nguo ya harusini, akaazima mkoba, akaketi kwenye benchi la Mshale kama mtu aliyezoea viti vizuri zaidi.

"Wewe ndiye mtaalamu? Nimetumwa kutoka kiwandani. Wafanyakazi mia tatu wanapimwa damu, na hakuna wa kuwasomea."

"Mia tatu?" Mshale alilegeza kola.

"Kila mtu na bahasha yake. Utapewa ofisi yenye mlango. Sharti moja tu: bosi hataki msomaji mgonjwa. Nawe upimwe."

"Vipimo gani?"

"Tezi na chuma. Ndivyo vinavyowasumbua kule."

Mshale alitoa damu amefumba macho, maana mtaalamu huyu aliogopa sindano. Mama Ndoo akachukua risiti. "Jibu nitakuchukulia mimi. Wewe usiwaache wateja."

Siku ya pili alimkabidhi bahasha. Ndani yake alikuwa ametia karatasi ya mdogo wake. Mshale aliifungua akitabasamu, tayari amekwisha kuingia ofisini, amefunga mlango. Tabasamu likatoka bila kuaga. Mshale juu. Mshale chini. Mshale mwingine chini. Alikuwa ameuza mishale mwezi mzima. Hakuwahi kufikiri inaweza kumwelekea.

"Nisomee, daktari," Mama Ndoo alisema.

"Ya kawaida tu hii."

"Mbona jasho? Hebu niambie, ukishashiba unasinzia?"

"Ndiyo."

"Alfajiri unasikia baridi?"

"Sana!"

"Ukichana nywele, chanuo linarudi tupu?"

Mshale alishika kichwa chake kwa mikono miwili, kukilinda. "Wewe mama unayajua mambo haya?"

"Nimeuguza. Mgonjwa wangu alikuwa na mishale hiyo hiyo." Na hilo lilikuwa kweli tupu. "Hii ya chini ni ghala la chuma. Kaka yangu, unakolala kuna vyuma?"

"Vyuma gani?"

"Pasi, feni, baiskeli. Mungu apishe mbali, cherehani."

"Vipo vichache."

"Chumba hicho hicho?"

"Vimezunguka kitanda."

Mama Ndoo aliinuka akaketi tena. "Kumbe! Chuma kikubwa huvuta kile kidogo. Umelala katikati ya vyuma vinakunyonya usiku kucha, na bado unapumua!"

Huu ni uongo wa mchana, na msomaji asije akatupa masufuria yake. Lakini tapeli akiogopa ni mwepesi wa kuamini kuliko wateja wake, kwa sababu hajazoea kuuliza maswali, yeye huulizwa. Nusu saa haikupita, mkokoteni ulikuwa mlangoni.

"Cherehani kwanza," Mama Ndoo aliamuru, "hiyo ndiyo kali."

"Utavipeleka wapi?"

"Vikatawanywe. Viwili visikae pamoja."

Mshale mwenyewe alibeba, akivuta mikono ya koti mpaka viganjani ili chuma kisimguse ngozi. Feni zikatoka, pasi zikatoka, baiskeli ikatoka. Mama Ndoo alikuwa anakaza kamba aliposikia kishindo.

"Na kitanda je?" Mshale alisema akihema, anakivuta kizingitini. "Ni cha chuma!"

Mama Ndoo ana dhamiri. Kitanda hicho kilikuwa chake Mshale kwa halali. "Kitanda tungekiacha, kaka."

"Mama, unataka nife?"

Kikapanda mkokotenini.

Mshale akabaki ameketi sakafuni, na kwa kuwa chumba hakikuwa tena na kitu cha kutazama, akaitazama karatasi. Akaisoma kuanzia juu. Umri: miaka thelathini na mmoja. Yeye alikuwa na arobaini na nne; akasikitikia uzembe wa maabara. Jinsia: mwanamke. Kazi: mshonaji.

Alikimbia bila kuvua koti, akiuliza njiani mkokoteni umepita wapi, mpaka akafika sokoni.

Katikati ya marundo ya ndoo alimkuta mshonaji na cherehani yake, sare zinaporomoka upande wa pili, juu ya kitanda cha chuma. Sweta bado lilikuwa mwilini, vidonge vilikuwa na siku chache tu. Kila alipoanza kusinzia, dada yake aligonga ndoo, na mguu ukaendelea kukanyaga.

"Wewe mama!" Mshale alifoka. "Umenitapeli!"

"Nani? Mimi?" Mama Ndoo alipaza sauti, na sauti yake imezoea kuita wateja wa ng'ambo ya barabara. "Jamani sogeeni! Daktari anasema ametapeliwa. Eleza, baba, nimekuchukulia nini?"

Watu wakasogea, wakiwemo walioitwa kuja kuchukua vitu vyao. Mwenye baiskeli alikuwepo, ameishikilia asiipoteze mara ya pili. Mwenye feni zote mbili alikuwepo. Wenye pasi walikuwepo wote watatu, kila mmoja na pasi yake mkononi.

Mshale akazihesabu pasi, akarudi nyuma hatua moja.

"Na bahasha yako hii hapa," Mama Ndoo alisema. "Vipimo vyote viko sawa. Unachoumwa wewe hakionekani kwenye damu."

"Kitanda changu," Mshale alinong'ona.

"Kitanda cha nani?" aliuliza mwenye feni.

Macho ya Mshale yalizunguka, yakatua kwenye rundo lililokuwa karibu zaidi.

"Ndoo hii ya bluu," alisema kama mteja aliyekuja kununua tu, "mnauzaje?"

Mama Ndoo akataja bei, mara tatu ya bei yake ya kawaida. Mshale akalipa bila kuomba apunguziwe, akaondoka nayo upesi, na cherehani nyuma yake haikusimama hata kidogo.