Feni Inayojipoza Yenyewe

Kwa Ndugu Meneja wa Duka la Vifaa vya Kompyuta,

Salamu na heshima. Mimi sijambo, ila kompyuta yangu ina homa, na homa hiyo imetoka dukani kwako.

Mimi ni mkutubi mstaafu. Binti yangu anaishi ng'ambo, na juzijuzi amejifungua mjukuu wangu wa kwanza. Tunaonana kwa kompyuta, maana simu ni ndogo, na kwa macho yangu mtoto mchanga ndani ya simu hana tofauti na kiazi. Feni ya zamani ilikuwa ikinguruma hata binti akalalamika kwamba anaisikia feni kuliko babake. Ndipo nikanunua kwenu feni mpya ya kupozea prosesa, huo ubongo wa kompyuta, nikaifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta inachemka na kujizima. Feni ya zamani ilipiga kelele, lakini haikuwahi kuniacha njiani.

2. Fundi wenu alinielekeza kwa simu, nami nikatii. Nimekaza skrubu zote. Nimepaka ile dawa ya kupitisha joto, tena kwa ukarimu, kama mtu anayempakia mgeni siagi kwenye mkate. Feni inazunguka mpaka karatasi za mezani zinaruka. Lakini nikigusa chuma chake ni baridi, huku skrini ikiniambia kwamba prosesa iliyo chini yake inaungua! Kwa lugha nyepesi, feni yenu inajipoza yenyewe. Mwenzake anachumia juani, yeye anakula kivulini.

3. Fundi huyohuyo akaniuliza kama niliibandua nailoni iliyo chini ya hicho chuma. Ndugu Meneja, hapo niliumia. Sikuibandua, na siibandui. Maandishi mekundu yanayosema ibanduliwe kwanza niliyaona, nikayachukua kuwa maoni ya mwandishi. Maisha yangu yote ya kazi nimevalisha vitabu nailoni, na hakuna hata kimoja kilichopandwa na homa. Kwangu rimoti ina nailoni, makochi yana nailoni, na mama watoto akiketi, jirani anasikia. Kitu kipya hutunzwa. Fundi alicheka, kisha akawaita wenzake nao waje wacheke.

4. Kubwa kuliko yote: kila binti anapomwinua mtoto mbele ya kamera, skrini inakuwa giza. Mpaka leo nimeona blanketi na, mara moja, unyayo. Majirani wakiniuliza mtoto amefanana na nani, nawajibu amefanana na blanketi. Nacheka nao, lakini moyoni inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mnipe prosesa iliyolelewa vizuri, iliyozoea nailoni. Ikishindikana, fundi aje akae sebuleni kwangu, aipepee kompyuta kila binti anapopiga. Na hilo nalo likishindikana, mmtume fundi huyohuyo ng'ambo akamwangalie mtoto kwa niaba yangu, aniletee maelezo ya uso wake yaliyopigwa muhuri wa duka. Nadhani sijaomba makubwa.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa yule dada wa kaunta aliyenifungia mzigo kwa upole. Fundi naye msalimie, nusu.

Ni mimi mteja wenu, ambaye bado anawaheshimu,
Babu wa Blanketi

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, mama watoto alifungua kompyuta, akaibandua nailoni kwa ukucha, akafunga, bila ruhusa ya mtu. Prosesa imetulia tuli. Barua naituma hivyohivyo, maana imeandikika vizuri mno kuitupa, ila msitekeleze lolote. Mjukuu nimemwona, uso mzima, nikalia kuliko yeye. Ana pua yangu, maskini wa Mungu, na kwa hilo sijui nimwandikie meneja gani.