Ombi la Kukamatwa kwa Ajili ya Bunduki ya Kichupa

Kwa Ndugu Anold, Mtendaji wa Kijiji,

Pokea salamu za mtu uliyemdhalilisha. Mimi ni Mzee Eustaki, jirani wa ofisi yako, mkusanyaji wa bunduki za kale za Kiingereza, zile tatu ambazo siku ya kuhakiki silaha uliziita skrepa mbele ya mkutano mzima. Nakuandikia kwa heshima zote, ijapokuwa sijui nizitoe wapi.

1. Hukujua unachokitazama. Nilikuletea iliyo bora kuliko zote, ya kichupa. Ubavuni ina kichupa cha chuma mfano wa kile cha marashi. Ukikigeuza kinadondosha chembe za unga mkali, kinyundo kinazigonga, na baruti iliyomo mtutuni inalipuka. Miaka mia mbili iliyopita mabwana wa Kiingereza walizitumia kupigia bata kwa raha zao, si kwa njaa, na zilizobaki duniani ni za kutafuta kwa tochi. Hii niliikuta Lupiro, mtu kaifanya komeo la banda la nguruwe. Nikaivusha mto pale Kivukoni kwa baiskeli, nimeivika kitenge cha mke wangu. Wewe ukainama nyuma yake ukitafuta pa kuingizia risasi. Ndugu yangu, ile hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Pale ulikuwa unamkamua kuku.

2. Siku hiyo hiyo jirani yangu Fridolin alileta gobori la bomba la maji, limeungwa kwa waya. Hilo ulilirukia. Ukaita askari, likafungwa kamba, likapakiwa kwenye gari, na Fridolin naye akapakiwa. Aliporudi akawa anatembea kifua mbele, na hata wasiomjua wanampisha njiani. Mimi nilirudi na zangu begani, Mabula mfugaji akaniuliza kama zitafaa kuwa fito za zizi. Inaniuma, sikufichi.

3. Mke wangu Balbina alikuwepo mkutanoni. Zamani alikuwa anaziogopa, akifagia anazipitia mbali. Tangu utamke neno lako, ile ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, anaegemezea kamba ya nguo. Jumamosi jamaa wa skrepa anapita na guta lake, na Balbina ameapa kwamba zote tatu zinaondoka, tunaletewa sufuria. Nikifungua mdomo ananijibu, "Serikali imeshasema." Nimezitafuta bonde zima, nimezipaka mafuta kuliko nilivyojipaka mwenyewe, halafu nipikiwe ugali ndani yake?

4. Kwa hiyo naomba nikamatwe. Hesabu yake ni nyepesi, hata ofisi yako itaiweza: mwenye silaha ya hatari hukamatwa, mimi sijakamatwa, basi silaha yangu imetukanwa. Nataka pingu. Nataka gari, tena si lile bovu. Iwe Jumapili watu wakitoka misa, na Fridolin awepo. Bunduki zipigwe lakiri ya serikali, maana chenye lakiri Balbina hakigusi. Dhamana isitolewe haraka haraka, nisije nikaonekana mtu wa kawaida.

5. Ukikataa, nitakwenda kwa wakubwa zako kukushtaki kwamba umemwacha mtu hatari kama mimi azurure kijijini, tena karibu na watoto wa shule. Utajibu nini hapo? Kwamba hukujua bunduki ni nini? Kweli ukiwa na macho huna haja ya kuambiwa tazama, lakini wewe tulikuambia na bado hukuona.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote wa serikali ya kijiji, na yule mgambo aliyecheka mpaka akakaa chini. Mwambie nimemsamehe, ila si sana.

Nangoja pingu,
Mzee Eustaki

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nilitaka ushahidi usiwe na shaka, nikaishindilia ile ya kichupa na kuijaribu nyuma ya nyumba. Imelia. Simtanki jipya la maji la ofisi yako sasa lina tundu upande huu na tundu upande ule, na askari uliowaita baada ya mlio wako uani kwangu wanauliza nani hapa ana bunduki. Balbina, Mungu ambariki mwanamke yule, amewajibu kwamba sisi hatuna bunduki, tuna skrepa. Ndugu Anold, mwanangu, nakuomba uje mbio uwathibitishie, tena kwa sauti ile ile ya mkutanoni. Mimi nimewaambia hivyo hivyo, hawaniamini, nyusi zangu zimeungua.